Dada Aliyerudi Ukurasa wa Mwisho

Siku ya kuniaga, nyie vijana wa chumba cha uhariri mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ndiye mtu anayehitaji sana kujua ni saa ngapi. Mkaniomba pia niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua wenyewe, kwa hiyo hayo sitayagusa. Nimekaa barazani kwangu Tegeta nikiwa nimeamua kueleza mambo matatu tu: nilivyoanza, aliyenifundisha, na kitabu kimoja kilichonitoa jasho kuliko vingine vyote.

Nilitoka Same nikiwa mwalimu wa Kiswahili. Ofisi yetu wakati huo ilikuwa ghorofani, Kinondoni, juu ya duka la magodoro. Siku ya kwanza nilivaa sketi yangu ya kanisani na kubeba kalamu mbili nyekundu, mpya. Mhariri mkuu alikuwa Mzee Haroub, mtu mrefu, mpole, wa familia ya Kiarabu iliyokuwa na duka la viungo na sabuni Temeke tangu enzi za babu yake. Alinikaribisha vizuri, akanipa mswada, kisha akanyoosha mkono.

“Kalamu.”

Nikadhani anaazima. Akazitia zote mbili kwenye droo, akaifunga.

“Utazipata ukishamaliza kusoma. Mtu mwenye kalamu mkononi hasomi, anawinda.”

Nilikasirika. Nilikuwa nimesahihisha madaftari ya wanafunzi hadi vidole vikaota sugu, na huyu mzee ananinyang'anya kalamu kama mtoto wa chekechea. Nikausoma mswada ule huku mikono ikiniwasha. Nilipoumaliza nilijiandaa kumtajia makosa ya sarufi, lakini yeye akaniuliza, “Ulichoka wapi?” Nikaanza kupekua kurasa. Akanirudishia mswada nikausome upya.

Ndivyo nilivyofundishwa. Kwanza unasoma kama mtu aliyekinunua kitabu. Mara ya pili unasoma kwa sauti. Kalamu inakuja mara ya tatu, na hata hapo unaitumia kwanza kuandika ripoti, yenye sehemu mbili, nguvu na udhaifu. Alisisitiza tuanze na nguvu, na si kwa sababu ya adabu. Mwandishi anayekwenda kukarabati lazima ajue ukuta upi asiuguse. Na kila udhaifu ulitakiwa uwe na ukurasa wake. “Udhaifu usio na ukurasa ni umbea,” alikuwa akisema, na ripoti ya namna hiyo aliirudisha bila kuisoma.

Hadithi za taharuki alizipima kwa njia yake. Alimwomba mama aliyekuwa akitupikia chai aoshe vikombe karibu na meza yake, naye akasoma kwa sauti. Vikombe vikiendelea kugongana, aliweka alama pembeni ya ukurasa. Vikinyamaza, aliweka alama nyingine. Yule mama ukimuuliza alikwambia yeye anaosha tu, hasikilizi. Nyumbani nilianza kumfanyia hivyo mume wangu, na nawashauri nanyi mtafute mtu mwenye mikono inayofanya kazi. Anayekaa na kukutazama usoni atakusifia tu.

Mzee Haroub alistaafu, na miaka michache baadaye tukamzika. Kompyuta zilikuwa zimeshaingia, ukaja uhariri wa kwenye skrini, na miswada ikaanza kutumwa kwa WhatsApp, sura moja moja, ikisindikizwa na picha za maua na salamu za asubuhi njema. Nilizoea. Duka la magodoro lilifungwa, likafunguliwa la simu, sie tukabaki palepale juu.

Hapo ndipo alipokuja Shabani.

Alikuja mwenyewe, na bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri, simu mbili mkononi. Kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba na vyumba, kuanzia Mbezi Luis mpaka huku kwetu Tegeta.

“Shikamoo mama. Nimeleta hadithi. Zinatisha kidogo.”

“Marahaba. Zinatisha kidogo, au ni nzuri kidogo?”

Akacheka. “Hilo ndo nimekuja kuulizia.”

Mkusanyiko wake aliuita “Nyumba Inapangishwa.” Zilikuwa hadithi fupi kumi na mbili, na zote zilitokea ndani ya nyumba au vyumba vya kupanga. Jioni ile nilisoma ya kwanza kwa sauti huku mume wangu akiwa amefungua pampu ya maji uani, vipande vimetapakaa kwenye gunia. Ilianza hivi: mwenye nyumba anamkabidhi mpangaji funguo tatu, nyumba ina milango minne. Hata sikumaliza ukurasa. Mume wangu alikuwa ameshika spana hewani.

“Wa nne ni wa wapi?” akauliza.

“Nyamaza nisome.”

Alikuwa na kipaji, na ripoti yangu ilianza kwa kusema hivyo, kwa kutaja kurasa. Nyumba alizijua. Hakukutisha kwa majini wala majeneza. Alikutisha kwa nguo za mtoto zilizoanikwa kwenye nyumba isiyo na mtoto, au kwa luku ya nyumba tupu ambayo uniti zake za umeme zinapungua kila siku. Wahusika wake waliongea kama watu wa mtaani kwetu wanavyoongea, wakikatishana na kudanganyana kidogo. Na hakuwa na haraka. Aliweza kukukalisha sebuleni na mgeni asiyesema amefuata nini, ukajikuta unasikiliza mlango wa kwako.

Kisha nikaandika udhaifu, nao haukuwa mdogo. Hadithi mbili ziliisha kwa mtu kuamka usingizini. Yote ilikuwa ndoto. Moja ilisimuliwa na muuaji mwenyewe, anayetueleza kila anachokiona na kukiwaza, ila hilo moja tu la kuua analikumbuka aya ya mwisho. Hiyo si taharuki, niliandika, huko ni kumficha msomaji kitu kilicho mikononi mwa anayemwambia habari. Wanawake wake walifungua milango na kupiga kelele, basi. Na karibu kila hatari ilipofika simu ya mtu iliisha chaji. Hapo niliandika: “Tafadhali wanunulie wahusika wako pawabenki.”

Hadithi ya mwisho iliitwa “Chumba cha Uani.” Ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, na ndiyo iliyoharibika vibaya kuliko zote. Kaka anapita kumsalimia dada yake kwenye chumba alichopanga. Mlango uko wazi. Maharage yako jikoni, bado yanachemka. Kanga imetandazwa kitandani. Dada hayupo. Kaka anakaa kumsubiri, anapunguza moto, anaongeza maji kwenye maharage, anaongeza tena. Kurasa zile nilizisoma kwa sauti, kisha nikazirudia. Halafu kwenye ukurasa wa mwisho kabisa dada anatokea mlangoni na begi, anaeleza kwamba alipata kazi ya ghafla Tanga na simu yake iliibiwa, wanacheka, wanakula. Niliandika kwenye ripoti: “Dada anarudi kama mtu aliyetumwa dukani. Mwisho huu ni wa uongo. Hadithi haikuwa ikielekea huku.”

Alikuja kuisoma ripoti mbele yangu. Aliipokea kama dalali, akijadiliana kila kipengele.

“Ya muuaji umenipata, hiyo naibomoa. Ndoto moja naitoa, moja niachie.”

“Zote mbili.”

“Aa, mama! Moja.”

“Zote, Shabani.”

“Haya, zote. Na simu ntawachajia.” Alikuwa anatabasamu. “Hawa wanawake je, wewe ulitaka wafanyeje?”

“Wafikiri. Kama mkeo anavyofikiri ukichelewa kurudi.”

Akacheka sana. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa ripoti, akasoma, na kicheko kikakatika. Alisoma tena. Akazikusanya karatasi, zangu na zake, akazigonga mezani zikae sawa, akazitia kwenye bahasha.

“Hii haina udalali, mama,” alisema. Hakunitazama. “Mie naondoka nazo zote. Asante kwa muda wako.”

Nikamwita kwenye ngazi. Hakugeuka.

Mkurugenzi wetu wakati huo alikuwa Bwana Temba, mfanyabiashara mzuri aliyependa vitabu vinavyotoka haraka. Alishaisoma nakala yake na alikuwa ameshaanza kuzungumza na mchoraji wa jalada.

“Dada Anande, umemfukuza mwandishi kwa ajili ya ukurasa mmoja?”

“Ameondoka. Sikumfukuza.”

“Mwache huyo dada arudi! Msomaji ametoka kazini, amechoka na foleni, anataka mtu arudi nyumbani salama. Ishu iko wapi?”

“Ishu ni kwamba msomaji atajua amedanganywa. Ile hadithi ndiyo itakayokumbukwa. Ikiisha vile, na zile nyingine hazitaaminika.”

“Basi mtafute. Usipompata kabla hatujapanga vitabu vya msimu huu, nakiondoa kwenye orodha.”

Nilimpigia Shabani, hakupokea. Nikamwandikia, akasoma na kunyamaza. Ningeweza kumwachia. Waandishi wananuna, na mhariri anayewafuata nyumbani hatafanya kazi nyingine. Lakini uso alioondoka nao haukuwa wa mtu aliyenuna, na nilitaka kujua niliandika nini pale. Asubuhi yake nikavaa viatu vya kutembelea, nikaenda Mbezi Luis.

Madalali walikuwa na kijiwe chao ng'ambo ya barabara kutoka stendi, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka. Shabani aliponiona alisimama haraka, akapangusa kiti cha plastiki kwa leso.

“Mama, umekuja mpaka huku?”

“Nimekuja. Sikuja kubishana. Nimekuja kuuliza nilichokukosea.”

Wenzake waligeukia simu zao kwa heshima. Shabani alikunja leso yake, kisha akasema, “Twende nikuonyeshe kitu.”

Hapakuwa mbali. Ilikuwa nyumba ya mjomba wake, yenye vyumba vya wapangaji uani. Chumba cha mwisho kilikuwa na kufuli. Alilifungua, akasimama pembeni nitazame. Kulikuwa na kitanda kimetandikwa, jiko dogo la mkaa, sufuria imefunikwa. Kanga ilikuwa imekunjwa juu ya mto. Sakafu ilikuwa imepigwa deki siku hiyohiyo.

“Mwanaidi,” alisema. “Ni wa kweli. Dada yangu, wa kwanza kwa mama. Aliondoka hapa maharage yako jikoni. Polisi tumekwenda, hospitali zote, mpaka mochwari ya Mwananyamala. Kwa waganga mama katupeleka. Hakuna.”

Nilimpa pole. Aliitikia kwa kichwa.

“Sasa wewe ukaniandikia karudi kama katumwa dukani.” Hakusema kwa hasira. “Mie usiku ule wa kuiandika hadithi nimeweka yote yaliyotokea. Nikafika pale nimekaa na lile sufuria. Nikasema, hapa ni kwangu, si naweza nikamrudisha? Nikamrudisha. Nimeandika ule ukurasa nalia kwa furaha, mama. Nikimtoa, si ntakuwa nimemzika mwenyewe?”

Hapa ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu, na hakuna kozi inayoifundisha. Ningeweza kusema, mwanangu, acha kama ilivyo. Ilikuwa midomoni. Lakini alikuwa ameniletea mswada ili nimwambie ukweli, na ukweli kuhusu ukurasa ule haukubadilika kwa sababu sasa nilijua ulitoka wapi.

“Sikiliza, Shabani. Hadithi ni yako na dada ni wako. Unaweza kuitoa kwenye kitabu, na sitakuuliza kitu. Ukisema iende hivi ilivyo, nitaipeleka kwa mkurugenzi na atafurahi. Lakini umeniuliza mimi. Nitakwambia lilelile. Mpaka pale unapoongeza maji kwenye maharage, nilikuamini kila neno. Alipoingia mlangoni, sikumwamini. Hata sauti yake haikuwa ya mtu yeyote.”

“Kwa sababu simjui alivyo sasa,” alisema taratibu.

“Na kumwacha bila kurudi si kumzika. Wewe bado unampigia deki hapa.”

“Sasa itaishaje? Mie sina mwisho. Hata mama hana.”

Sikuwa nao pia, na nilimwambia hivyo. Tulisimama pale mlangoni. Simu yake moja ikaita, akaipokea kwa sauti ya kazi, ile ya haraka, ya uchangamfu. Mteja alikuwa ameambiwa kwamba nyumba ile ina chumba cha uani kisichokaliwa.

“Hapana, boss. Hicho hapana. Hicho kina mtu.” Akasikiliza. “Kina mtu, braza. Nikutafutie kingine?”

Alipokata simu aliniona ninavyomtazama.

“Nini, mama?”

“Hicho ulichomwambia. Kiandike.”

Alibaki kaishikilia simu. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akainamisha uso, akalia. Nilikaa karibu naye, na mpangaji mmoja aliyekuwa anafua akatuletea maji ya kunywa bila kuuliza chochote.

Aliniletea ukurasa mpya kabla ya mwisho wa wiki. Mteja anapiga simu kuuliza chumba, kaka anamjibu kina mtu, anafunga kufuli na kwenda zake kazini. Basi. Sikubadilisha hata nukta. Nilimuuliza jambo moja tu: mama yake anajua?

Alikuwa hajui. Nilisema hatuchapi mpaka asikie, na kwamba nitamsindikiza, na Shabani akakubali mara moja, nadhani alikuwa anaogopa kwenda peke yake. Mama yake alikuwa anaishi Temeke, nyumba ya pembeni mwa uwanja wa mpira, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyopepesa. Shabani alimsomea hadithi nzima. Mama alimkatisha mara moja tu, kusema Mwanaidi hakuwahi kupika maharage bila nazi. Ilipoisha alipapasa mkeka.

“Mwanangu, umeandika vizuri,” alisema. Kisha akanigeukia. “Mama, mie sina neno. Ila jina lake litoeni.”

“Tutalitoa, mama.”

“Akirudi asikute jina lake kwenye vitabu vya watu. Atatusema sana.”

Tulilitoa. Kwenye kitabu dada ana jina jingine, na hata hapa “Mwanaidi” si jina lake la kweli. Nazi tuliiongeza.

Bwana Temba aliposoma mwisho mpya aliona nimempotezea muda. Nilikaa ofisini kwake nikamsomea kurasa zile tatu za mwisho kwa sauti, huku yeye akisaini hundi. Nilipofika kwenye simu ya mteja, kalamu yake ilikuwa imesimama. Hakunisifu. Alisema, “Haya, iende,” kisha akaniambia jalada litakuwa na kisu chenye damu, na hilo halina mjadala. Ndani ya kitabu kizima hamna kisu hata kimoja. Nilipigana, nikashindwa, na kisu mnakiona mpaka leo kwenye rafu ya ofisi. Jueni tu kwamba mhariri hashindi kila kitu siku moja.

Kitabu kilitoka. Gazeti moja likakihakiki, na mhakiki alikuwa mkali ila mwaminifu: alitaja kurasa. Alisifu nyumba na maneno ya watu. Akasema wanawake bado wamechorwa kwa juujuu, jambo ambalo ni kweli, tulilirekebisha nusu. Akaikuta hata simu moja tuliyosahau kuichaji. Shabani alinipigia akicheka.

“Mama, tumekamatwa!”

“Tumekamatwa. Iandike, toleo la pili tutairekebisha.”

Kuhusu hadithi ya mwisho, mhakiki aliandika kwamba aliisoma akiwa amesimama na hakukumbuka kukaa. Nilimtumia Shabani picha ya aya hiyo. Kesho yake akatuma neno “Asante.”

Jumamosi moja, walimu wa shule ya sekondari hapa Tegeta walimwalika asome mbele ya wazazi na wanafunzi. Nilikwenda na mume wangu. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko nilivyotegemea, feni moja inazunguka, nyingine imekufa. Mama yake alikaa mstari wa mbele, mtandio kichwani, mikono imetulia mapajani. Shabani alisoma “Chumba cha Uani” mwanzo mpaka mwisho, bila madoido, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia. Alipofika “kina mtu, braza,” akafunga kitabu.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, nyuma kabisa, akasimama akamwita kwa heshima, “Samahani, mwandishi.”

“Naam, mama.”

“Huyo dada. Alirudi?”

Nilimwona mama yake akinyanyua kichwa. Nilitaka kusimama nijibu mimi, niseme hadithi ni hadithi, tuendelee na maswali mengine. Shabani alimtazama yule mwanamke, akamtazama mama yake.

“Bado,” alisema.

Akanywa maji kidogo, akafungua kitabu, akatafuta hadithi nyingine, akaendelea kusoma.